MTI WA NJIANI UKIOZA: NAMNA YA KUUPIMA NA NAMNA YA KUUTUNZA



Ninyi wote mnajua jambo lenye lilitupata mbele ya shule mwanzo wa majira haya ya mvua. Ilikuwa Jumanne, saa ine na nusu, wakati wa rekreasio. Tawi la ule mwembe mkubwa wa kando ya njia lilivunjika na kuanguka. Hakukuwa na upepo, hakukuwa na mvua, hata jani moja halikutikisika. Kijana mmoja wa mwaka wa kwanza alikuwa amesimama pale akila mandazi. Tawi lilimpiga begani, mfupa ukavunjika. Mama mmoja mwuzaji alipoteza sufuria yake ya mafuta pamoja na unga wote wa siku ile. Leo yule kijana amerudi katika kalasi, mkono wake ungali umefungwa kwa kitambaa. Tunamshukuru Mungu kwa sababu hakuna mtu aliyekufa.

Tangu siku ile nimesikia maneno ya namna tatu. Wa kwanza wanasema: "Tukate miti yote ya ile njia, mambo yaishe." Wa pili wanasema: "Ni bahati mbaya tu, mti ni mti." Wa tatu wanasema kwa sauti ndogo kwamba kuna mtu aliyeutuma mti, na wanataja hata jina la mama fulani mzee wa kartie. Maneno haya ya tatu ndiyo yaliyonisukuma niombe nafasi katika gazeti letu. Mti ukianguka una sababu, na sababu hiyo inaonekana kwa macho, inapimwa kwa kamba na kwa fimbo ya chuma. Mwenye kujua sababu hatamshitaki mzee wa watu bure.

Lakini kabla ya kuanza somo, inafaa niseme kosa langu. Miaka miwili nimekuwa mkubwa wa kazi ya salongo ya Jumamosi. Tulifagia majani, tukayakusanya chini ya ule mwembe, tukayachoma palepale, juu kivuli kilikuwa kizuri na hakuna aliyetukataza. Wenye kututangulia walifanya vile, nasi tukafuata. Mtaona mbele katika somo hili ule moto ulifanya nini.

I. MITI HII ILITOKA WAPI

Mwembe si mti wa asili ya Afrika. Kwao ni nchi za Bara Hindi na Burma. Watu wa pwani waliupokea kwa njia ya bahari, na katika karne ya 19 misafara ya biashara ilipanda mbegu zake kutoka Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji, kisha ng'ambo ya ziwa hadi kwetu Maniema. Nyangwe na Kasongo zilikuwa miji mikubwa ya biashara hiyo, na hiyo biashara ilikuwa ya pembe za tembo na ya watu vilevile, tusisahau. Daktari Livingstone alifika Nyangwe katika mwaka 1871. Wakati wa Wabelgiji miembe ilipandwa tena kando ya barabara, kwenye vituo na kwenye misioni, kwa sababu inakua vizuri, inatoa kivuli kizito na watu wanakula matunda yake.

Ndiyo maana tunaikuta miembe mistari mistari. Lakini miti iliyopandwa pamoja inazeeka pamoja. Wazee wa kartie yetu wanasema kwamba wao wenyewe walipokuwa watoto waliikuta ile miembe ya njia yetu imekwisha kuwa mikubwa. Basi ni miti ya umri wa babu zetu, na mzee anahitaji kuangaliwa.

Kule Ujiji, Tanzania, mahali Stanley alipokutana na Livingstone katika mwaka 1871 palikuwa chini ya mwembe. Ule mwembe wenyewe hauko tena. Limebaki jiwe la ukumbusho. Hata mti wenye jina kubwa unakwisha. Kazi yetu ni kuangalia usikwishe juu ya kichwa cha mtu.

Wenye kusema "tukate yote" wafikiri kidogo. Kindu iko karibu sana na ikweta, jua letu ni kali. Ondoa ile miti, wanafunzi wa saa sita watatembea namna gani? Udongo wetu mvua inauchukua upesi ikikuta hauna mizizi wala majani ya kuupunguzia nguvu. Na wamama wanaotuuzia chakula watakaa wapi? Kukata mti mzima ni hasara, na kuacha mti mbaya ni hatari. Kati ya hayo mawili iko kazi ya kupima.

II. MTI UNAOZA NAMNA GANI

Profesa wetu wa biolojia alitufundisha kwamba shina la mti lina sehemu zake. Nje kuna ganda. Chini ya ganda kuna utando mwembamba wenye uhai, ndio unaozaa mbao mpya kila wakati. Halafu kuna mbao za nje zenye kupitisha maji, na katikati ni moyo wa mti, wenye kusaidia tu kubeba uzito.

Kutoka hapo tunajifunza neno la kwanza kubwa: majani mabichi si ushuhuda wa afya. Sehemu yenye kulisha majani ni ile ya nje. Moyo wa mti unaweza kuoza wote, na mti ukaendelea kuzaa maembe mengi kama zamani. Wanaosema "mti huu ni mzima, angalia matunda" wanajidanganya.

Mlaji wa mbao ni kuvu. Uyoga tunaouona kwenye shina si kuvu yenyewe yote. Ni tunda lake, kama vile embe ni tunda la mwembe. Mwili wake ni nyuzi ndogo sana zilizo ndani ya mbao, zenye kuyeyusha zile sehemu zinazotia mbao nguvu. Basi ukiona uyoga umetoka, ujue mlaji alikwisha kukaa mezani kitambo. Mchwa nao wanakuja, mara nyingi nyuma ya kuvu, kwa sababu mbao iliyolainika ni rahisi kuitafuna.

Kuvu inaingia wapi? Inaingia kwenye kidonda. Ganda zima ni kama mlango uliofungwa. Mlango unafunguliwa na panga, na misumari ya matangazo, na waya uliofungwa ukakaza, na gari lililogonga shina, na mfereji uliokata mizizi. Na moto. Joto la moto linaua ule utando wa chini ya ganda. Ganda halianguki siku ileile. Linakaa miezi, watu wanafikiri hakuna neno, halafu linabanduka lenyewe na mbao inabaki uchi.

Sasa neno la pili kubwa: mti hauponi kama mtu. Mimi nikijikata, ngozi yangu inajirudisha. Mti hauwezi kurudisha mbao iliyokufa. Katika mwaka 1977 mtaalamu mmoja wa Marekani, Alex Shigo, alieleza jambo hili vizuri. Alipasua miti mingi kwa msumeno toka juu hadi chini ili aone ndani, akakuta kwamba mti unajenga kuta kuzunguka kidonda. Unafunga uozo ndani ya chumba, kisha unaendelea kukua kwa nje. Kuta zikiwa na nguvu, uozo unabaki mahali pake. Kuta zikivunjwa na kidonda kipya, uozo unapita. Ndiyo sababu kuchoma mara moja ni vibaya, lakini kuchoma kila Jumamosi ni vibaya kupita: mti unajenga, sisi tunabomoa.

III. SHIMO SI LAZIMA KIFO: HESABU YAKE

Wengi wakiona shimo katika mti wanasema uanguke leo. Lakini angalieni mwanzi. Ni mtupu ndani, na unasimama. Bomba la kinga ni tupu, na linabeba mtu pamoja na mzigo wa mihogo. Nguvu ya kupinga kupindwa iko zaidi katika sehemu ya nje ya duara.

Wenzangu wa masomo ya hesabu watafurahi hapa. Tuite nusu-kipenyo cha shina R, na nusu-kipenyo cha shimo r. Shimo likiwa katikati na likiwa duara, sehemu ya nguvu iliyopotea ni r gawanya kwa R, kisha jibu lizidishwe lenyewe mara ine (yaani kipeo cha 4). Tazameni:

Shimo likiwa nusu ya shina (0,5): nguvu inayopotea ni 6 kwa mia.
Shimo likiwa 0,7: inayopotea ni 24 kwa mia.
Shimo likiwa 0,8: inayopotea ni 41 kwa mia.
Shimo likiwa 0,9: inayopotea ni 66 kwa mia.

Mnaona? Mwanzoni mti unapoteza kidogo sana, halafu kwa ghafula unapoteza sana. Mtaalamu wa Ujerumani, Claus Mattheck, aliangalia miti mingi iliyosimama na iliyovunjika, akatoa kanuni ambayo wengi wanaitumia: unene wa mbao nzima iliyobaki ukiwa chini ya karibu sehemu moja kwa tatu ya R, jihadhari. Wataalamu wengine wanabishana naye juu ya ile namba, kwa hiyo tuichukue kama kengele ya kutuamsha, tusiichukue kama hukumu ya mwisho.

Na angalisho moja. Hesabu hii ni ya shimo lililofungwa pande zote, kama bomba. Shimo likiwa na mlango mkubwa ubavuni, mti ni dhaifu kupita hesabu. Chukua karatasi, ikunje kama bomba, jaribu kuipinda. Kisha ipasue upande mmoja toka juu hadi chini, jaribu tena. Utaelewa bila profesa.

IV. HATARI INA MAMBO MATATU

Mti mbovu katikati ya pori hauna hatari kwa mtu. Mti uleule ukiwa sokoni ni jambo jingine. Ndiyo maana mwenye kupima hatari anauliza maswali matatu, si moja:

1. Je, mti huu au tawi hili laweza kuvunjika upesi?
2. Likivunjika, litamkuta nani au kitu gani? Watu wanapita mara ngapi, wanakaa muda gani?
3. Likimkuta, litaleta madhara gani? Tawi la unene wa kidole si sawa na tawi la unene wa mtu.

Katika mji wa Funchal, kisiwa cha Madeira cha Wareno, tarehe 15 Agosti 2017, watu walikuwa wamekusanyika kwa sikukuu ya kanisa. Mti mzee wa mwaloni ukaanguka juu yao. Watu 13 walikufa. Mti ule ungaliweza kuanguka siku nyingine wakati hapana mtu, lakini siku ile chini yake palijaa watu. Kule Freetown, Sierra Leone, ule mti wa pamba maarufu, wenye kusimama karne nyingi katikati ya mji na kuwa alama ya taifa, ulianguka wakati wa mvua ya nguvu tarehe 24 Mei 2023. Umri mkubwa, jina kubwa, shina kubwa, vyote havikuuzuia.

Tufikiri sasa juu ya shule yetu. Ile saa ya rekreasio, wanafunzi wengi tunasimama palepale chini ya matawi, kila siku ya masomo. Jibu la swali la pili kwetu ni zito.

V. NAMNA YA KUPIMA

Vyombo si vya bei kali. Mnahitaji kamba ndefu, mita ya fundi, nyundo ya mti, fimbo nyembamba ya chuma na daftari. Msipime siku ya upepo. Msipande juu. Mmoja apime, mwingine aangalie juu muda wote.

*Kwanza simama mbali.* Uzunguke mti wote. Je, umeinama? Kuinama tangu utoto si kitu kikubwa. Mti wa namna hiyo umejipinda kidogo kidogo na kilele chake kinaelekea juu. Kuinama kwa juzi ni hatari. Je, kichwa cha mti kimepungua majani upande mmoja? Je, kuna matawi makavu?

*Pili angalia mizizi.* Udongo umepasuka au umeinuka upande ulio kinyume na ule mti unaoelekea? Hiyo ni alama mbaya kupita zote, mti umekwisha kuanza safari. Mfereji au msingi wa nyumba umekata mizizi? Uyoga mgumu kama kibao umeota chini ya shina?

*Tatu angalia shina.* Tafuta ganda lililokufa, mashimo, ufa, njia za udongo za mchwa, maji meusi yanayotoka. Gonga kwa nyundo ya mti polepole ukizunguka. Mbao nzima inajibu kwa sauti kavu. Shimo linajibu kama ngoma. Ukikuta shimo limefunguka, ingiza fimbo ya chuma, upime kina chake.

*Ine angalia matawi.* Mahali matawi mawili makubwa yanapobanana kama herufi V, ganda likiwa limefungwa kati yao, hapana kushikamana kwa kweli. Visiki vya matawi yaliyokatwa vibaya, tazama kama vimeoza. Lile tawi letu la Jumanne, nilipoangalia mahali lilipovunjikia, nilikuta kisiki cha zamani cha urefu wa mkono. Mtu alikata tawi dogo kwa panga, akaacha kisiki. Kikafa, kikaoza, na uozo ukashuka hadi ndani ya lile tawi kubwa. Mbao ya pale ilikuwa laini kama mkate uliolowa chai. Ndiye "mchawi" wetu.

Na kwa nini lilianguka bila upepo? Jambo hilo linajulikana katika nchi nyingi: matawi makubwa marefu yanaweza kuvunjika saa ya joto na utulivu. Uzito wa tawi unafanya kazi usiku na mchana, haungoji upepo.

VI. TULIYOYAKUTA

Pamoja na wenzangu wawili, profesa wa biolojia akisimama nasi, tulipima miti mitatu.

*Mti wa kwanza*, ule mwembe wa tawi. Mzunguko ni sentimeta 314, kwa hiyo R ni 50. Upande tuliokuwa tukichoma majani, ganda limekufa na limebanduka, na nyuma yake kuna shimo. Fimbo iliingia hadi ukuta wa pili kwa sentimeta 88. Kipenyo chote ni 100. Basi ukuta uliobaki ni sentimeta 12 tu. Nyundo ilijibu kama ngoma karibu pande zote. Tukihesabu shimo kuwa duara la 38, tunapata 0,76. Nguvu iliyopotea ni 33 kwa mia. Lakini mlango wa shimo unachukua karibu sehemu ya tatu ya mzunguko, kwa hiyo kweli ni mbaya kupita hapo. Tawi lililoanguka lilikuwa jambo dogo. Jambo kubwa liko chini, na mikono yetu ndiyo iliyolileta.

*Mti wa pili*, ule mwembe ambao wengi wanauogopa, wenye shimo ambamo mtoto anaweza kuingiza kichwa. Mzunguko ni sentimeta 377, R ni 60. Ukuta mzima ni karibu sentimeta 30, shimo ni nusu. Nguvu iliyopotea ni karibu 6 kwa mia, na mlango wake ni mdogo. Mizizi ni mizima. Una matawi makavu matatu tu. Mti huu unaotisha ndio wenye nguvu kati ya yote mitatu.

*Mti wa tatu*, ule wa maua mekundu karibu na mlango, ambao sote tunapenda kupigia picha. Mzunguko ni 220. Hauna shimo hata moja. Lakini mfereji wa mwaka jana ulikata mizizi ya upande mmoja, uyoga mgumu umeota chini, na udongo umepasuka kwa urefu wa hatua mbili. Mti wenye sura nzuri ndio wa kwanza kuogopwa.

Basi tukihukumu kwa macho tu, tungalikata ule wa pili na kuwaacha watu wakae chini ya wa tatu.

VII. TUFANYE NINI

Dawa za mti wa hatari ziko za namna nyingi. Tuanze na ndogo, twende kwa kubwa.

*Kuhamisha watu.* Hii haina gharama, inafaa siku ileile. Mahali pasipo mtu, tawi halina wa kumpiga.

*Kukata matawi makavu na kupunguza uzito.* Ifanywe na fundi mwenye msumeno, kamba na akili. Tawi zito linakatwa mara tatu. Kata ya kwanza ni ya chini, mbali kidogo na shina, isifike hata nusu. Ya pili ni ya juu, mbele kidogo ya ile ya kwanza. Tawi linaanguka bila kuchuna ganda la shina. Ya tatu ni ya kuondoa kisiki, karibu na shina, lakini nje ya ile pete iliyovimba mahali tawi linapotokea. Pete hiyo ndiyo yenye kujenga ukuta. Ukiikata, umeua mjenzi. Ukiacha kisiki kirefu, umemkaribisha kuvu.

*Mambo ya kukataa.* Tusikate kichwa chote cha mti kwa kufikiri tunauokoa. Machipukizi yanayotoka hayashikamani vizuri, na baada ya miaka yanaanguka. Tusijaze shimo kwa sementi, haiongezi nguvu. Tusipake rangi wala lami. Kuvu haizuiliwi na rangi.

*Kuangusha mti.* Hiyo ni dawa ya mwisho, na si kazi ya wanafunzi. Narudia: si kazi ya wanafunzi, hata wale wenye kujisifu kwamba wanajua shoka. Mti mtupu hauanguki upande unaoutaka. Na kama nyuzi za umeme zinapita karibu, hakuna wa kugusa kabla wenye umeme hawajaukata.

Tena mti wa njiani si mali yetu. Ni lazima kupitia kwa shefu wa kartie, komini na watu wa mazingira. Lakini mwenye mti kwenye kiwanja chake ajue neno hili: sheria yetu ya madeni na mapatano, ya tangu mwaka 1888 na ingali ikifanya kazi, katika kifungu cha 260 inasema kwamba mtu anajibu si kwa matendo yake tu, bali pia kwa madhara ya vitu vilivyo chini ya ulinzi wake. Kusema "sikujua" si kinga.

Kwa maoni yangu, mti wa tatu ukatwe haraka. Mti wa kwanza ukatwe vilevile, kwa sababu njia haiwezi kuhamishwa na ukuta uliobaki ni mdogo. Inaniuma kuandika hivi. Mti wa pili ubaki, uondolewe matawi makavu, kisha wamama wetu wahamie kwenye kivuli chake, kinawatosha. Prefe ameipeleka barua pamoja na vipimo vyetu kwa wakubwa, na tunangoja jibu. Wakati wa kungoja tumefunga kamba kuzunguka mti wa kwanza na wa tatu. Mwenye kuvuka ile kamba, awe mdogo awe mkubwa, nitamwandika.

Na kwa kila mti utakaokatwa tupande miwili, mbali na nyuzi za umeme na mbali na mfereji. Mimi nitakuwa nimekwisha kufanya egzameni ya Leta, sitakaa chini ya kivuli chao. Lakini nataka kuacha mashimo ya miche yakiwa yamechimbwa.

VIII. SHERIA TANO ZA SALONGO, KUANZIA SASA

1. Hapana kuchoma kitu chini ya mti. Majani yawekwe katika shimo la mbolea nyuma ya shule.
2. Hapana misumari wala waya kwenye shina. Matangazo yana ubao wake.
3. Hapana kukata tawi kwa panga.
4. Kila mwanzo wa majira ya mvua, kalasi ya biolojia izunguke miti yote na kuandika katika daftari. Na baada ya kila dhoruba waangalie tena.
5. Mvua ya radi ikikaribia, tusikimbilie chini ya mti. Mashariki ya Congo ni kati ya mahali pa dunia penye radi nyingi kupita, na mti mrefu unaiita. Tuingie katika nyumba.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini mti unaweza kuzaa maembe mengi na kuwa mtupu ndani?
2. Shina lina mzunguko wa sentimeta 251. Ukuta mzima ni sentimeta 8. Tafuta R, tafuta r, kisha sema nguvu gani imepotea. Je, ungefunga kamba?
3. Taja alama mbili za mizizi zenye kuonyesha hatari ya karibu.
4. Nyumbani kwenu, ni mti gani wenye watu kukaa chini yake kila siku? Uzunguke Jumapili hii baada ya ibada, uandike uliyoyaona, uniletee.

Ndugu zangu, yule kijana wa mwaka wa kwanza nilikwenda kumwomba msamaha nyumbani kwao. Baba yake aliniuliza: "Sasa mtafanya nini?" Nilimwahidi kwamba nitaandika, na kwamba moto wa Jumamosi umezimika. Nusu ya ahadi ni hii mnayosoma. Nusu nyingine iko mikononi mwenu, kwa sababu mimi nakwenda, ninyi mnabaki.

Wenu,
Doyeni wa wanafunzi, mwaka wa mwisho
Kindu